Mkeka wa Mama Kwenye Albamu za Watu

Mama alipofariki nilibaki peke yangu hapa Micheweni. Nikaupiga picha mkeka wake wa kulalia, nikapanga picha za mama juu yake kama ukurasa wa albamu, kisha nikautuma ukurasa huo kwenye kundi letu la mtandaoni la watu tunaopamba albamu kwa simu. Maswali yakamiminika: kivuli nimekiwekaje, rangi nimezififisha vipi. Nikawaelekeza wote, ingawa nilikuwa nimekereka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule bibi wa pichani ni nani!

Wakaomba picha ya mkeka mtupu, nikawapa. Siku hizi nauona kwenye kurasa zao, umetandikwa chini ya maharusi na vitoto vya watu nisiowajua.

Hapa nyumbani umekunjwa nyuma ya mlango. Mimi mwenyewe sijaweza kuutandika.