Alama za Agosti Iliyopita

Perez Kageha alikuwa mfagiaji. Hilo tuliweke wazi mapema, maana baadaye watu walimwita karani, wengine mwalimu, na yeye hakukataa cheo hata kimoja. Lakini barua yake ya kazi, ile aliyopewa mwaka 1978 na klabu ndogo ya tenisi Kisumu, karibu na ziwa, ilisema mfagiaji wa viwanja na vyumba vya kubadilishia nguo. Alikuwa ametoka Maragoli na mumewe aliyekuwa dereva wa lori. Mume akafariki, yeye akabaki na chumba kimoja Nyalenda, watoto wawili, na kichwa ambacho hakikusahau nambari.

Sitii chumvi. Shule aliachia darasa la saba kwa sababu ya karo, lakini hesabu haikumwacha. Ukimuuliza mchezaji kama Wasike alimshinda nani Pasaka ya mwaka gani, angekutajia seti moja moja, na angeongeza kama siku hiyo mvua ilinyesha. Wachezaji walimtumia kumaliza ubishi. Mtu akisema alishinda sita-tatu, walimwita Perez na ufagio wake, naye alisema, "Sita-nne, Bwana, na moja ulipewa bure," kisha akaendelea kufagia.

Juni mwaka 1986 katibu wa klabu, Bwana Walubengo, alikuja na gazeti la michezo kutoka Ulaya. Lilieleza jinsi wachezaji wa kulipwa wanavyopangwa. Kuna kompyuta, alisema, inayokusanya alama za kila mchezaji kwa miezi kumi na miwili, na kila wiki inatoa orodha ya nani wa kwanza, nani wa mia. Wale wa Ulaya walikuwa wakigawanya jumla kwa idadi ya mashindano. Walubengo akasema kugawanya tuache, kutaleta vita. Akaandika alama kwenye karatasi: bingwa sitini, anayeshindwa fainali arobaini, nusu fainali ishirini na tano, robo fainali kumi na mbili, anayeshinda mechi moja tu, alama tano. Hesabu haijumlishi kila hatua, inachukua ile ya mbali zaidi uliyofika. Kompyuta ilikosekana, kwa hiyo akamwita Perez.

Fundi alitengeneza ubao wenye misumari arobaini, na vibao vidogo vyenye majina ya wachezaji, kila kimoja na tundu la kuning'inia. Pembeni ya kila msumari Perez aliandika alama kwa chaki. Na hapa ndipo Kisumu iliipita Ulaya, mkitaka mnicheke. Kule walingoja wiki iishe. Huku nani angengoja? Mechi ikimalizika, hata kabla jasho halijakauka, mchezaji alikuja na taulo shingoni, akasimama mbele ya ubao bila kumsemesha mtu, akangoja kibao chake kihamishwe. Huo ukawa mtindo. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa ubao isipokuwa Perez, na Perez hakuhamisha kibao kwa siri hata siku moja. Watu walikuja na soda zao wakatazama vibao kuliko walivyotazama mpira.

Jambo moja tu lilimsumbua Walubengo kuelewa, na Perez alilielewa siku ya kwanza. Alama zinazeeka. Ulichokipata Agosti kinahesabiwa hadi Agosti nyingine, basi, kinatupwa, uanze kukitafuta upya. Perez aliwaeleza wanawake wenzake kwenye foleni ya maji kuwa ni kama omena, yaani dagaa, uliyoanika, haikai milele hata ikiwa nzuri vipi. Wanawake walielewa. Waliokuwa wagumu ni wanaume wa klabu, lakini mwaka huo wa kwanza haikuwa na maana, kwa sababu ubao ulikuwa mpya na hakukuwa na alama iliyozeeka.

Mashindano ya Agosti 1986 yalikuwa ya kwanza kuingia ubaoni, na bingwa alikuwa Ouma.

Huyu Ouma alikuwa fundi wa kusuka nyuzi za raketi. Hakuwa mwanachama, hakuwa na ofisi, aliishi Nyamasaria na mkewe Benta na mapacha wao, na klabu ilimruhusu kucheza kwa sababu bila yeye nusu ya raketi za mji zingekuwa za kupepetea mtama. Alikuwa na mkono wa kushoto mbaya sana kwa adui. Perez alimpenda kama mdogo wake, na alikuwa akimwekea kivuli cha ukuta wa nyuma ili asukie huko raketi zake bila kuulizwa na mtu.

Mwaka 1987 ikaja habari. Wachezaji wanne watakaokuwa juu ubaoni baada ya mashindano ya Agosti wangeenda Nairobi wiki tatu baadaye, na kampuni moja ya huko ilikuwa inatafuta wachezaji wa kuwaajiri: kazi ya ghala, nyumba ya kampuni, mazoezi jioni. Kwa Wasike na wenzake wenye kazi zao hilo lilikuwa matembezi. Kwa Ouma lilikuwa maisha. Benta alishaanza kuuliza bei ya unga Nairobi.

Juma lililotangulia Agosti, Ouma alikuwa wa nne, alama mia moja na nne. Nyuma yake Obiero, polisi mpole mwenye goti bovu, alama sabini na mbili. Ukitazama ubao ulisema Ouma amefika. Lakini Perez alikuwa na daftari, na daftari lilisema mengine. Katika zile mia moja na nne, sitini zilikuwa za ubingwa wa mwaka jana.

Jumatatu asubuhi, siku ya mashindano kuanza, Perez alifanya kama sheria ilivyosema. Alifuta alama zote za Agosti iliyopita na kupanga vibao upya. Wengi walishuka msumari mmoja au miwili. Obiero mwaka jana alitoka mechi ya kwanza, kwa hiyo hakuwa na cha kupoteza, na sasa akawa wa nne. Ouma alibaki na arobaini na nne. Akaenda hadi msumari wa nane.

Ouma mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Nyakach kumzika baba mkwe, na mechi yake ilikuwa Jumanne. Lakini wanachama walikuwepo, na kufikia saa nne kelele zilisikika barabarani. Bingwa ameshushwa kabla hajagusa mpira. Ameshindwa na nani? Mtu yuko matangani na nyuma yake unamteremshia jina, hiyo ni tabia gani? Mmoja akasema kwao kitu kama hicho kina maana mbaya, na wengine wakaitikia.

Walubengo alitoka ofisini. Perez alianza kumweleza, na kwa kweli alimweleza vizuri, lakini Walubengo aliwatazama wale watu, akaona wamekasirika, akachagua upande.

"Perez," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "wewe uliajiriwa kufagia. Usitufundishe heshima ya bingwa. Rudisha vibao. Za mwaka jana utazitoa Jumapili, mashindano yakiisha."

Watu wakacheka kidogo. Perez alirudisha vibao vyote, kimoja kimoja, akaandika mia moja na nne pembeni ya jina la Ouma. Halafu akanuna, na sitamtetea hapo. Mama huyu alijua kununa. Alijiambia: vizuri, mimi ni mfagiaji, mfagiaji hajui hesabu, Jumapili wataona wenyewe.

Ouma alirudi Jumanne, akakuta kibao chake palepale kwenye msumari wa nne. Hakuna aliyemwambia kuwa kilikuwa kimeshuka, maana waliotaka kirudishwe waliona mambo yameisha. Akashinda mechi ya kwanza. Obiero akashindwa mechi ya kwanza, goti, akabaki na sabini na mbili zake. Alhamisi Ouma alishinda tena, Ijumaa tena, akaingia nusu fainali. Kila mara Perez alipandisha alama alivyoamriwa. Ubao ukafika mia moja ishirini na tisa. Daftari likafika sitini na tisa.

Mara mbili alikaribia kumwambia. Mara ya kwanza Walubengo alipita. Mara ya pili hakupita mtu. Alijiambia tu kuwa Ouma anacheza vizuri, atashinda nusu fainali, afike themanini na nne, Obiero abaki nyuma, na hapo hakuna atakayedhurika wala kuwa na la kusema.

Nusu fainali ilikuwa Jumamosi mchana, Ouma na Waliaula, mfanyakazi mrefu wa hospitali ambaye alikuwa salama ubaoni katika nafasi ya tatu. Ouma alichukua seti ya kwanza. Katika ya pili alikimbilia mpira mfupi, mguu ukateleza kwenye udongo mkavu wa murram, kifundo kikapinda. Alisimama, akajaribu kukanyaga, akaendelea, akapoteza seti. Wakawa sawa, seti moja kila mmoja.

Wakati wa mapumziko alikuja mbele ya ubao akichechemea, taulo shingoni. Perez alikuwa amesimama pale na chaki mkononi, hatua mbili tu. Aliona jinsi Ouma alivyousoma ubao: Ouma mia moja ishirini na tisa, Obiero sabini na mbili, Obiero ameshatoka. Alimwona akiinamia kile kifundo na kukibonyeza kwa kidole. Mtu yeyote mwenye akili angefikiri alivyofikiri Ouma. Nairobi ni wiki tatu. Kombe la hapa analo la mwaka jana. Mguu ni wa kutunzwa.

"Mama," alimwambia akitabasamu, "afadhali niuweke mguu huu kwa ajili ya Nairobi."

Akageuka kurudi uwanjani. Perez alikuwa amekaa siku sita na neno hilo, na sasa hakujua lianzie wapi: mbele ya watu wote, kwamba ubao wake ni wa uongo na yeye ndiye aliyeandika. Mwishowe akaita, "Ouma, ngoja," lakini Ouma alikuwa ameshajitoa, amepeana mkono na Waliaula, na refa anashuka kwenye kiti chake. Ouma akageuka, akampungia.

Jumapili jioni Walubengo mwenyewe alimwambia atoe alama za mwaka jana. Vibao vikahama. Obiero msumari wa nne. Ouma wa tano, alama tatu nyuma. Obiero alimwendea Ouma, akamshika bega. Walubengo alizungumza habari ya sheria kwa muda mrefu. Ouma alichukua begi lake akaondoka na mguu wake uliovimba, na hakumtazama Perez hata kidogo.

Jumatatu Perez hakwenda kazini. Alitembea hadi Nyamasaria. Ouma alikuwa ameketi mlangoni, mguu ndani ya karai la maji ya chumvi, na Benta alikuwa anaanua nguo. Benta alimletea mgeni kiti, maana hata ukiwa na uchungu mgeni hupewa kiti, lakini hakusalimia.

"Ulijua?" Ouma aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile ya kwanza."

Ouma aliyakoroga maji kwa vidole vya mguu. "Ungeniambia ningecheza hata kwa mguu mmoja. Waliaula alikuwa amechoka, ulimwona. Kwa nini hukuniambia?"

Perez alikuwa na jibu tayari. Angeweza kumtaja Walubengo, na angekuwa na haki, hata Benta angekubali. Njia nzima kutoka Nyalenda alikuwa akilipanga jibu hilo. Lakini lilipofika mdomoni aliliona halitoshi.

"Nilinuna," alisema. "Walinifokea mbele ya watu, nikanuna. Nikataka waaibike. Wewe nilikusahau."

Benta aliacha kuanua. Perez akalia, hakujizuia. Ni Ouma aliyeongea kwanza.

"Siku nyingine ukitaka kununa, niambie kwanza alama zangu, halafu nuna."

Kifundo kile hakikupona sawasawa. Ouma alikosa mashindano ya Desemba na ya Pasaka, na katika yale madogo alipata robo fainali moja na mechi moja. Ilipofika Agosti 1988 Walubengo alikuwa ameacha ukatibu, na habari ikaja tena kwamba wanne wataenda Nairobi. Jumatatu asubuhi Perez alifuta za mwaka uliopita, akapanga vibao, wanachama wakaguna, yeye akaendelea. Kisha akaweka chaki chini, akaenda nyuma ya ukuta ambako Ouma alikuwa amekaa akisuka raketi ya mtu.

"Umebaki na kumi na saba," alimwambia. "Wa nne ana tisini na tano. Hata ukichukua kombe unafika sabini na saba. Haifiki, Ouma."

Ouma alikaza uzi, akaufunga fundo, akaukata kwa meno.

"Hata nikishinda zote?"

"Hata ukishinda zote."

"Asante, Mama," alisema. Akainuka, akachukua raketi yake mwenyewe, akaenda kucheza mechi ya kwanza.