Mjane Mwenye Mume

Msinicheke sana. Katika filamu tuliyoigiza hapa Masisi nilikuwa mjane, na nililia hadi watazamaji wakalia nami. Juzi, sokoni Shasha, mama mmoja muuza samaki alinishika mikono.

"Pole, dada. Nilikuona mu video, unazika bwana yako. Na mimi wangu alikufa."

Nilitaka kumwambia nilikuwa naigiza tu, lakini machozi yake yalikuwa ya kweli, nikapokea pole yake. Akanifungia sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, za bure, kisha akaanza kumwombea marehemu wangu. Kabla hajafika kwenye amina, mume wangu akatokea na mfuko wa viazi.

"Mama Neema, twende, mvua iko inakuja."

Yule mama akafumbua macho, akamtazama.

"Dada, huyu njo nani?"

Nikainamisha kichwa.

"Huyu njo marehemu, Mama."