Kosa Alilolibeba Baba

Siku ile nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yetu, karibu na Mpofi, na baba alikuwa akinicheka kwa sababu mchi ulinizidi uzito. Yeye alikuwa anashona wavu wake wa kuwindia. Wanaume wengi hawakuwepo kijijini. Vita vya wazungu huko Ulaya vilitaka mpira, na kila nyumba ilitoa watu wa kwenda kuugema msituni. Aliyerudi na kikapu pungufu alichapwa. Tulikuwa tumezoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Adhuhuri walipita ndugu zangu wawili, wana wa baba mdogo, wakikimbia na mikuki. Walisema wagema mpira wamemuua kapita, msimamizi wao, na kwamba hakuna atakayechapwa tena. Baba aliwasihi wabaki. Hawakubaki.

Baba alitupeleka, mama, mdogo wangu na mimi, kwenye kambi yake ya uwindaji, mbali na njia. Tuliishi huko kwa uyoga na ndizi mbichi.

Kisha askari wakaja.

Tulisikia bunduki, tukaona moshi upande wa kwetu. Mama alimziba mdogo wangu mdomo kwa kiganja mpaka nikaogopa atamuua.

Walitukuta.

Walimfunga baba kwa kamba za wavu wake mwenyewe. Ndugu zangu hawakupatikana, na kwa serikali mkubwa wa nyumba alitosha badala yao.

Kesi ya kuuawa kwa kapita ilisikilizwa kwenye kituo cha serikali. Afisa mzungu alikaa katikati, na kando yake mashefu wawili, machifu wa kwetu, ili isemekane kwamba mila nayo imeketi barazani. Nilipoviona viti vyao nilipumua. Mjinga mimi!

Kwetu, nyumba ikishitakiwa, mkubwa wake hubeba kosa mdomoni kwanza, hata kama hakutenda yeye. Anasema tumekosa. Hapo upande wa pili hulegea, mbuzi huchinjwa, watu hula pamoja. Anayeanza kwa kukana ndiye huonekana muuaji.

Asubuhi ya kesi nilimpelekea baba maji.

“Mutoto yangu,” aliniambia, “leo wazungu ndio watasikiliza. Niseme namna gani?”

“Papa, sema vile tunasemaka siku zote. Mashefu wako pale, watakuelewa.”

Alisimama mbele yao, mikono imefungwa.

“Tulikosa, sisi watu ya nyumba hii. Tunaomba mutusamehe.”

Mkalimani alitafsiri. Hakupunguza kitu wala hakuongeza. Karani akaandika kwamba amekiri. Nilimtazama shefu wa kijiji chetu, ambaye sijui alikuwa amekula mbuzi wangapi wa suluhu kama hiyo. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Walimnyonga baba mbele yetu. Alipopandishwa, macho yake yalizunguka katika watu, kama anayengoja mmoja aseme basi, yamekwisha. Nilipiga kelele kwamba hakuua. Askari mmoja akanisukuma, nikaanguka, na nilipoinuka kazi ilikuwa imekwisha.

Miaka kadhaa baadaye katekista wetu alitusomea gazeti. Lilisema kwamba wakubwa walioshindwa vitani huko Ulaya walihukumiwa na majaji wa mataifa mbalimbali, kila mmoja na wakili wake, maneno yote yakitafsiriwa sikioni mwake. Watu kanisani walisema ile ndiyo haki. Mimi nilitoka nje nikilia kwa hasira. Baba naye alikuwa na majaji wa pande mbili. Alikuwa na mkalimani mzuri pia.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa shefu yule. Alikuwa amezeeka, anaota jua mlangoni kwake.

“Papa shefu, ulijua baba hakuua muntu?”

“Nilijua.”

“Ulijua vile tunasemaka?”

“Nilijua, mama.”

“Sasa sababu gani haukuwaambia?”

“Hakuna muntu aliniuliza.”

Nilikuwa nimekwenda kumlaani, na maneno nilikuwa nayo tayari. Nilirudi nyumbani sijayasema. Yeye hakuulizwa. Mimi baba aliniuliza, nami nilimjibu.