Mkunga wa Friji Bovu

Mama mkwe wangu alikuwa mkunga. Alizalisha nusu ya mtaa huu, na mpaka leo wanaume wenye ndevu wakimwona sokoni humpisha njia. Wanamwita Mama Sukuma, kwa sababu ndilo neno alilowapigia kelele mama zao. Alipostaafu tulidhani atapumzika. Wapi. Alizunguka nyumba nzima akitafuta cha kushika, akanifundisha kufua, kupika na kukunja shuka, mimi mwenye watoto wakubwa, hadi nikatamani hospitali imrudishe.

Ndipo akaligeuza friji letu bovu kuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Akafunga balbu ndani, bakuli la maji chini, kipimajoto ukutani, akaliweka sebuleni mahali pa kochi langu. Mayai aliyageuza asubuhi, mchana na jioni. Televisheni ikapigwa marufuku, eti kelele zinawashtua. Nilimeza tu. Ni mama wa mume wangu, ningesema nini?

Kazi yote aliijua isipokuwa kungoja. Kifaranga akishatoboa ganda hutulia kwanza, hata siku nzima, mpaka damu iliyo kwenye utando irudi mwilini. Muuza mayai alimweleza hilo vizuri. Mama akaitikia kwa kichwa, na ganda la kwanza lilipopasuka akafungua friji, akatwaa kibano chake cha wodini, akaanza kubandua.

"Mtoto amechoka huyu," akasema. "Sukuma, mwanangu, sukuma."

Kifaranga alivuja damu, akafia kiganjani mwake. Akamwendea wa pili. Waliobaki walikaukia ndani ya maganda, maana mlango ulikuwa wazi muda wote huo.

Safari ya pili, yale yale, tena baada ya kuapa mbele ya mwanawe kwamba hataligusa friji. Nilichoka, nasema ukweli. Lakini siku hiyo hakula, na nilipompelekea sahani chumbani nilimkuta anaitazama mikono yake.

"Naweka mayai mara ya mwisho," akasema. "Wakifa na hao, friji mlitupe. Nitajua mkono wangu umekuwa wa kuua."

Hasira ningeitoa wapi tena?

Kwa hiyo mara hii, walipoanza kulia ndani ya maganda, nililifunga friji kwa ufunguo na ufunguo nikautia kwenye sidiria.

"Nipe nichungulie tu."

"Hapana, mama."

"Mimi nimezalisha mapacha gizani, wewe hujazaliwa."

"Najua, mama. Kaa uchambue mchele."

Akachambua mchele wa wiki nzima. Akanuna, akaniita askari jela, akamwita mwanawe aje amtulize mke wake. Mwanawe, shujaa wetu, akakumbuka ana kazi gereji. Kila kifaranga alipolia mama aliinuka, nikamtazama, akaketi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeweza kumfungia yeye humo ndani.

Kulipotulia nikafungua. Walikuwa wamejaa kote, manyoya yamekauka, wanakanyagana. Nikamwita kwa furaha, hasira zote nimezisahau.

Alisimama mbele ya friji, akatazama.

"Wametoka wenyewe," akasema.

"Ndiyo, mama. Wazima kabisa. Umewatunza vizuri."

"Hakuna hata mmoja aliyehitaji mtu."

Sikuwa nimefikiria kwamba kuna ushindi unaouma namna hiyo. Alimchukua mmoja, akamgeuza, akakagua kitovu, akamfunika kwa upindo wa kanga yake. Kisha akanipa kwa mikono miwili, nami nikampokea.

"Hongera, mama," akaniambia, akaenda kunawa mikono.