Kila Wakigeuka, Dengu Moja

Jamani, mimi nikijifunza kitu kipya siwezi kukaa nacho tumboni. Kiwanda cha pamba ninachofanyia kazi, kule Maswa, kilituweka darasani siku tatu kwa mafunzo ya kaizeni: pima kazi, tafuta upotevu, uondoe, kisha pima tena. Wenzangu walisinzia. Mimi nilitoka pale nimewaka moto. Nikaomba likizo, nikaenda Zagayu kwa baba, na simu yangu yenye saa ya kupimia mkononi.

Baba alikuwa na neno lake tayari. Msimu uliopita alishindwa kulima nusu ya shamba. Mgongo unamsumbua, na udongo wetu mweusi wa mbuga haumngoji mtu: mvua mbili za kwanza unalimika, zikizidi unakuwa gundi.

"Mwaka huu nisipomaliza, mayu, nauza maksai," aliniambia. "Mnunuzi nimeshaongea naye."

Mayu ni mama, na baba zetu wa Kisukuma huwaita hivyo binti zao. Alisema huku akiangalia pembeni. Nilishtuka kweli kweli. Kwetu mzee akiuza maksai wake, ametangaza kwamba yeye na shamba basi.

Asubuhi nikashika kamba mbele ya maksai wetu wawili, baba akashika plau nyuma. Mfuko wa kulia niliujaza dengu. Kila tukigeuka, dengu moja inahamia mfuko wa kushoto. Weee! Kufika saa nne mfuko wa kushoto umevimba. Na kugeuka si mchezo: unainua plau, mnyororo unajikunja, maksai mmoja anamkanyaga mwenzake, baba anajishika kiuno. Tatizo nikaliona. Shamba letu ni fupi mno.

Zamani lilikuwa refu, la babu. Alipofariki, baba na baba mdogo walilikata katikati, wakaacha ukanda wa majani na jiwe kila mwisho wa ukanda. Baba analima hadi kwenye majani, anageuka. Upande wa pili baba mdogo, na maksai wake wawili, analima hadi kwenye majani yale yale, naye anageuka. Na hawasemeshani! Mwaka fulani plau ya mmoja ilikwangua majani kidogo, basi, misimu ikapita bila hata salamu. Mchana nikakaa kwenye jiwe, nikamhesabia na baba mdogo bila yeye kujua.

Alasiri nikaenda kwake, nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba mdogo."

"Mwadila mhola."

Nikamimina mafungu mawili ya dengu kwenye ungo.

"Umeniletea mbegu?"

"Hili ni kugeuka kwako leo. Hili ni kugeuka kwa kaka yako. Mkilima mstari mmoja mrefu, kutoka mwisho wako hadi mwisho wake, hizi zinabaki nusu. Na maksai wanne kwenye plau moja, mbuga hii itanyooka yenyewe."

"Nani kakutuma unihesabie kazi yangu?" Lakini alikuwa anazichezea zile dengu kwa kidole. "Na yeye kasemaje?"

"Kakubali," nikasema. Uongo mtupu! Baba alikuwa hajui lolote.

Akafikiri. "Mawe yasiguswe."

"Hayaguswi!"

Nikatoka mbio kumwambia baba kwamba mdogo wake kakubali, na hapo angalau nilikuwa mkweli. Baba aliniuliza mara mbili: "Kasema mwenyewe?" Kwa mdomo wake, nikamjibu. Akasema, "Haya."

Kesho yake maksai wanne walikuwa kwenye nira, baba kwenye plau, baba mdogo akiwaswaga ubavuni, na mimi mbele nimejifanya meneja. "Hakuna kusimama! Kusimama ni upotevu!" Mistari ilikwenda mirefu, myeusi, imenyooka, hadi nikaanza kuimba. Safari ya nne, tulipoyapita tu yale majani, maksai wa mbele akalala chini. Mwenzake naye akalala. Nilivuta, nikabembeleza, nikafoka. Wapi!

Baba akajifuta jasho. "Mayu, umehesabu kugeuka, hukuhesabu pumzi. Tulipokuwa tunageuka ndipo walipokuwa wanapumua."

"Elimu ya kiwandani hiyo," baba mdogo akadakia. "Mashine haina mapafu."

Wakacheka. Wote wawili, wakinicheka mimi! Niliona aibu, na wakati huo huo nilitaka kurukaruka kwa furaha. Si ndiyo ile pima tena ya darasani?

"Haya, wataalamu," nikasema, "wapumzike wapi?"

Wote wawili, kwa pamoja, wakanyoosha kidevu kuelekea kwenye majani.

Basi ikawa hivyo. Kila tukifika ulipokuwa mpaka tunasimama, bila kugeuka, bila kuinua plau, maksai wanapumua, tunaendelea. Mara za kwanza wazee walisimama kila mmoja akiangalia kwake. Kisha baba mdogo akasema, "Huyu wako wa kushoto kwato inamuuma." Baba akajibu, "Nimeiona." Siku ya pili waliongea habari za mvua. Siku ya tatu waliongea habari za babu, na saa yangu ikaonyesha maksai wameshapumua zamani na bado tumesimama. Kwa mafunzo yangu huo ni upotevu. Niliizima simu, nikaitia mfukoni pamoja na dengu.

Tulimaliza mstari wa mwisho, kwake na kwetu, mawingu yakiwa yametanda upande wa ziwa.

Mnunuzi alikuja wiki hiyo hiyo, kamba begani. Nilisimama mlangoni nisikilize, kwa sababu baba hakuwa ameniambia kitu. Baba aliwatazama maksai wanne wakila majani pamoja, akakohoa.

"Siwezi kuuza peke yangu," alisema. "Nyumba ile pale, kamuulize mdogo wangu. Hawa ni ng'ombe wetu."

Mnunuzi akakatiza shambani, akapita kati ya yale mawe mawili. Alikuwa hata hajafika uani tulipomsikia baba mdogo akimfokea arudi alikotoka.