Mlango wa Gari la Daktari

Bati lililobonyea halitazamwi kwa taa ya darini. Taa ya darini inaficha. Ukitaka kuujua mlango wa gari ulivyo, zima ya juu, washa taa ndefu ya tyubu, ishike pembeni usawa wa bati, kisha inama na ufumbe jicho moja. Kila kibonyeo kitajitokeza na kivuli chake, hata kile ambacho mwenye gari anaapa hakipo. Kazi hiyo nimeifanya zaidi ya miaka thelathini katika gereji iliyo nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, na kwa kuwa naijua vizuri taa ya pembeni, nimeikimbia maisha yangu yote.

Uso wangu una mashimo. Chunusi zilinivamia nikiwa na miaka kumi na sita, zikakaa mpaka nilipooa, na zilipoondoka ziliniachia mashavu kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Mtaani nilipewa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Wapo vijana gerejini wasiolijua, na sina haja ya kuwasaidia. Mimi si mtu wa kulialia. Nilijifunza tu namna ya kukaa. Mgahawani nakaa nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo. Kwenye picha za familia mimi ndiye mpiga picha. Mke wangu husema nina mambo mengi kuliko bibi harusi, na hajakosea.

Lililoniuma ni moja. Kwetu, siku ya ndoa, baba ndiye walii. Anakaa mkekani akitazamana na bwana harusi, anamshika mkono, na anatamka kwa kinywa chake kwamba amemwozesha binti yake. Dini inamruhusu kumpa mtu mwingine uwakala, na wengi humpa sheikh, kwa heshima au kwa kuogopa kukosea maneno. Siku ya ndoa ya binti yangu mkubwa, miaka minne iliyopita, nilifika mlangoni mwa msikiti nikaona mpiga video amesimamisha taa kali kushoto mwa mkeka, usawa wa shavu. Nikamgeukia sheikh nikampa uwakala palepale. Watu wakanisifu kwa unyenyekevu, nami nikazipokea sifa zao kimya kimya.

Binti huyo ndiye aliyerithi ngozi yangu, chunusi na mashimo yake yote. Hakusema neno kuhusu siku ile. Alikuja kutusalimu kila wiki, akatoa shikamoo yake kamili, akanywa chai na mama yake, akaondoka. Mdogo wake alipochumbiwa mwaka huu, aliniambia huku anacheka, "Baba, mimi utaniozesha mwenyewe, la sivyo siolewi." Nakijua kicheko cha mwanangu anapotania. Kile hakikuwa chenyewe.

Ndipo akaja yule daktari. Sikujua kama ni daktari. Niliona mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ushungi wa kijani, amekasirika, na mlango wa kushoto wa gari lake umeingizwa ndani na bajaji huko Kariakoo.

"Shikamoo fundi. Nalitaka Jumamosi, nina safari."

"Marahaba. Jumamosi hulipati."

"Si unajaza puti tu, unapiga rangi? Wenzio wanafanya siku moja."

Hapo alinigusa pabaya. Nikamweleza, wala si kwa upole, kwamba puti ukiimwaga kwenye kibonyeo bila kuliinua bati kwanza, inakuwa nene, inapasuka, na mwaka haujaisha inadondoka kipande kizima. Bati linainuliwa kwa nyuma, kwa nyundo, taratibu, mpaka likaribie usawa wake. Kilichobaki, unene wa ukucha, ndicho cha puti. Halafu ikauke, ipigwe msasa, ikauke tena.

"Wa siku moja wapo, wanaita wateja hapo barabarani," nikamwambia. "Kwangu ni Jumatatu."

"Lakini mimi ndiye mwenye gari."

"Na mimi ndiye mwenye nyundo."

Nilitegemea aondoke. Akavuta benchi akakaa. Nilipozima taa ya juu na kuushika mwanga pembeni mwa mlango, akainuka, akaja kuinama kando yangu, akafumba jicho moja kama mimi.

"Kumbe na nyie mnafanya hivi," akasema, hasira yote imemwisha. "Sisi kazini tunazima ya juu hivihivi."

"Kazi gani?"

"Daktari wa ngozi. Nyuso hasa."

Mkono wangu uliisogeza taa wenyewe, isinifikie. Aliona. Najua aliona, kwa sababu alirudi zake kwenye benchi akaanza kuniuliza habari za rangi, kana kwamba rangi za magari ndizo zilizomtoa kwao. Adabu ile sijaisahau.

Jumatatu alikuja kuchukua gari. Alifumba macho, akaupitisha mkono mlango mzima kutoka juu hadi chini, anatafuta pale palipogongwa. "Hapa?" Nikasema siyo. "Hapa?" Siyo. Akakata tamaa, akacheka, akaniambia hongera. Kichwa kikanivimba, na mtu aliyevimba kichwa huwa jasiri.

"Daktari," nikasema, "nina jamaa yangu. Uso wake una mashimo ya chunusi za zamani. Nasikia kuna sindano za kujaza."

Hakutabasamu hata kidogo. "Zipo. Mwambie jamaa yako aje Jumatano jioni, ameosha uso, asipake mafuta." Akaitazama mikono yangu. "Na grisi aiache gerejini."

Kliniki yake iko ghorofa ya pili, Mchafukoge, juu ya duka la mashuka. Nilipanda ngazi zile nikiwa nimevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumatano. Akanipokea kwa heshima, "Shikamoo, karibu jamaa yake fundi," akanikalisha, kisha akafanya nilichojua angefanya. Akazima taa ya juu. Akawasha ndogo, akaileta kutoka kushoto. Nikafumba macho kama mtoto anayesubiri sindano ya shuleni.

Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuukagua uso wangu kwa namna hiyo. Wapo waliouonea huruma, wapo walioucheka. Huyu aliusoma. Alilivuta shavu kwa vidole viwili, akaliachia, akalivuta tena mahali pengine, haraka wala haonei chochote kinyaa. Akanipa kioo nijionee. Yale mashimo mapana, alipoivuta ngozi, yalipotea kabisa. Membamba yenye kina, kama yaliyotobolewa na sindano, yalibaki vilevile.

"Haya membamba fila haiyasaidii," akasema. Fila ndilo jina la ile dawa ya kujaza. "Nikikwambia itasaidia nitakuwa nakudanganya. Haya mapana yanasaidika. Lakini chini yake kuna nyuzi zinazoivuta ngozi ndani. Nikijaza juu ya nyuzi, nitakuharibu. Kwanza naingiza sindano chini nizikate, ngozi iinuke. Ndipo najaza, kidogo tu. Ni kama ute, unakaa miezi kadhaa, kwa wengine mwaka na zaidi, halafu mwili unauyeyusha. Ukipenda unarudi."

Nilimsikiliza nimeacha mdomo wazi. Alikuwa akiniambia maneno yangu mwenyewe, niliyomtupia gerejini kwa ukali, ila yeye anayasema kwa upole na juu ya kitu kigumu zaidi. Bati haliumi. Bati halina mishipa ya damu. Akanieleza hilo pia, kwamba dawa ikiingia kwenye mshipa, ngozi inaweza kufa, ndiyo maana haharakishi. Nimefanya kazi na mafundi wengi, na nawajua wachache wa kuvuliwa kofia. Nilimwongeza palepale.

"Basi anza," nikasema.

"Una shughuli yoyote karibuni?"

"Namwozesha binti yangu. Siku tisa kutoka leo."

Akaweka kioo mezani. "Basi sikugusi, baba."

Nikadhani anatania. Akanieleza kwamba uso utavimba, utavilia damu, na kwa wengine alama hukaa wiki mbili. Nikambembeleza. Nikamwambia nitavumilia, nitapaka poda, nitafanya lolote. Mwishowe nikakasirika, maana hasira ndiyo silaha yangu ya karibu.

"Mimi ndiye mwenye uso!"

"Na mimi nilikuwa mwenye gari," akasema.

Akaniandikia miadi ya baada ya harusi kwenye kikadi, akanisindikiza hadi ngazini.

Ningekuwa na akili ningekwenda nyumbani. Badala yake kesho yake nilikatiza Kariakoo, kwenye saluni moja ya ghorofani ambayo tangazo lake nililiona simuni. Dada wa pale alinichangamkia kweli. "Mambo ya harusi hayo! Nusu saa tu, mzee wangu, unatoka hapa shavu kama la mtoto mchanga. Kuvimba? Wala!" Akanikalisha mbele ya taa kubwa ya duara, ile ya kupigia picha, inayommulika mtu uso mzima kutoka mbele. Akainua bomba la sindano. Nikamtazama, nikaitazama taa yake. Kwa mwanga ule hakuna hata shimo moja analoliona. Angekuwa kijana wangu gerejini ningemnyang'anya nyundo. Nikainuka, nikamwambia nimesahau kitu, nikashuka ngazi mbilimbili kwa umri wangu huu.

Basi siku ya ndoa ikafika na uso wangu uleule. Niseme kweli: nilikuwa nimeshaamua kumpa sheikh uwakala tena. Niliyapanga na maneno, kwamba sauti imenikauka. Asubuhi sheikh alikuja nyumbani na mashahidi, maana kabla ya kwenda msikitini lazima bibi harusi aulizwe kama anaridhia. Tukakaa sebuleni. Sheikh akaniuliza kwa wema wote, "Vipi, mzee, tufanye kama safari ile?"

Binti yangu mkubwa alikuwa amesimama dirishani akimimina kahawa. Jua la saa tatu lilimwingia kutoka pembeni, shavu lote, na kila shimo nililomrithisha lilikuwa na kivuli chake. Hakusogea. Hakugeuka. Alikuwa anamimina kahawa tu, akihakikisha haimwagiki. Nilimtazama kama nilivyowatazama wale mafundi wachache. Mtoto wangu amesimama kwenye mwanga ule maisha yake yote, sokoni, kazini, kwenye harusi yake mwenyewe, na baba yake alikuwa mlangoni anahangaika na taa.

"Hapana," nikamjibu sheikh. "Huyu namwozesha mwenyewe."

Birika likagonga sinia. Binti mkubwa aliweka vikombe, akatoka. Nikaenda chumbani kumwuliza bibi harusi ridhaa yake, akaitoa kwa sauti ya chini huku amenishika mkono kwa nguvu. Nilipotoka, dada yake alikuwa ananisubiri kwenye korido.

"Umefanya vizuri, Baba," akasema. Kisha, akitazama chini, "Mimi nilielewa. Ulinionea aibu."

"Nani?"

"Mimi. Na uso wangu huu. Hukutaka kukaa mbele za watu ukisema huyu ndiye binti yangu."

Miaka minne alikuwa amelibeba hilo. Nikamwambia ukweli wote, vibaya vibaya, maneno yakigongana: msikiti, mpiga video, taa ya kushoto, shavu langu. Nikamweleza na habari za daktari, na kikadi cha miadi kikiwa bado mfukoni, na saluni niliyoikimbia.

Akainua macho. "Taa?"

"Taa."

"Baba, kwa ajili ya *taa*?"

Akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sijui kilianza kipi, akanipiga begani kwa kiganja. Nami nikalia, naliandika hili waziwazi. Nikamwomba msamaha. Akachukua ncha ya khanga yake akanifuta uso, taratibu, shavu moja kisha la pili, kama mtu anayefuta kitu chake.

"Huyo daktari," akasema, "siku ukienda utanichukua. Nataka nimwone. Kama atatugusa au hatatugusa, tutajua hukohuko."

"Tutajua hukohuko," nikakubali.

"Haya nenda. Wanakusubiri."

Msikitini taa ilikuwa imeshasimama, kushoto mwa mkeka. Nikakaa, bwana harusi akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana. Mkono wake ulikuwa baridi kuliko wangu. Mpiga video akachungulia kwenye mashine yake, hakuridhika.

"Mzee wangu, samahani," akasema. "Geuka kidogo huku kwenye taa."

Nikageuka.