Tabo Niliyoifunga Nyuma ya Turubai

Nilifunga tabo kwenye gari la mbio nikiwa nyuma ya turubai, na upande wa pili wa turubai lile alikaa baba mkwe wangu, wiki saba mfululizo.

Hatukuonana hata siku moja.

Kama wewe si wa Rungwe utashangaa. Kwetu, wakati ule, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Ukisikia anakuja unapisha njia, unaingia migombani, unajifunika khanga mpaka apite. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyoishi.

Likumbukeni hilo, maana kuna siku watu walisema nimeivunja mila.

Ilikuwa mwaka 1993. Magari yaliyotumika yalikuwa yameanza kumiminika nchini, kila mwenye ndugu Dar anashusha lake.

Mume wangu Geresoni alikuwa na gereji hapa Makandana. Alifariki mwaka uliotangulia. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini miaka kumi na miwili nilimshikia taa, nikamshikia spana, mwisho nikawa nashusha injini mwenyewe yeye anakunywa chai.

Msiba haujapoa, mdogo wake Lutufyo akaanza kuniletea za kuleta. Aliitaka gereji.

"Shemeji, mwanamke na oili wapi na wapi? Nipe funguo, wewe rudi kwenu Suma ukalime."

"Funguo ziko kiunoni," nikamwambia. "Njoo uzichukue."

Hakuja.

Ila siku ya pili yake baba mkwe akaanza kuja gerejini. Asubuhi anakohoa mara mbili getini, anaingia, anakaa kwenye kigoda pale mlangoni mpaka jioni.

Nikajua huo ni mchezo wa Lutufyo. Mzee akikaa gerejini, mimi sina pa kukaa. Hakuna haja ya kunifukuza, mila yenyewe inanifukuza.

Siku mbili nilishinda nyumbani nikichambua maharage.

Ya tatu nikachukua turubai la lori, nikalitundika katikati ya gereji, ukuta hadi ukuta. Kwa nyuma kulikuwa na mlango mdogo wa kutokea shambani. Nikawa napita huko.

Yeye mbele, mimi nyuma. Simwoni, hanioni. Mila iko palepale, na mimi niko palepale.

Hapo ndipo akaja Athuman.

Athuman alikuwa muuza vitambaa sokoni, mtu wa maneno mengi, na alikuwa na gari aina ya Selika, jekundu, la milango miwili. Dar ilikuwa inaruka, lakini akiifikisha kwenye milima yetu inahema kama mgonjwa. Akanunua tabo iliyotoka kwenye gari lililochinjwa kuwa vipuri, akaileta imeviringishwa kwenye gunia.

Fundi wa kwanza aliyempelekea aliifunga kwa siku mbili. Injini ikatoboka pistoni kabla wiki haijaisha.

"Mama Atupakisye," akaniambia, "mimi sitaki ya kuruka leo ikafa kesho. Nataka ya kudumu. Utaweza?"

Nikaishika ile tabo. Konokono wa chuma, basi. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini unazungusha feni upande mmoja, feni ya upande wa pili inasukuma hewa ndani ya injini ipate nguvu.

Nikacheka. Baba yangu alikuwa mhunzi kule Suma, ufundi aliupata kwa Wakinga. Utotoni nilikuwa navukuta mivukuto yake mpaka mabega yanawaka. Najua upepo unafanya nini kwenye moto. Ukivuta kwa pupa, jembe linaungua na mkaa unaisha.

"Nitaweza," nikamjibu. "Lakini usiniharakishe."

Selika tuliiingiza nyuma ya turubai siku ya Jumapili, mzee akiwa kanisani.

Injini niliipasua upya, pistoni iliyotoboka nikaibadilisha. Nikaweka gasketi nene ya shaba ili mgandamizo upungue. Nikaongeza mafuta kwenye kabureta. Nikavuta bomba la kupeleka oili kwenye tabo na jingine nene la kuirudisha. Kilango cha kupunguzia upepo nikakilegeza. Athuman akalalamika kwamba upepo ni mdogo.

"Huo ndio utakaokufikisha," nikamwambia.

Kila alipokuja nilimfundisha. Kubwa kuliko yote lilikuwa moja, na nililirudia mpaka akachoka.

"Ukimaliza mlima usizime gari papo hapo. Konokono anakuwa mwekundu kwa moto na bado anazunguka. Ukizima, oili inasimama, inaungulia ndani, anakwama. Acha injini ipumue kwanza. Hesabu mpaka mia na ishirini, ndipo uzime."

Huku ni kwetu, na kwetu hilo ni gumu. Ukikutana na mzee, gari unalizima. Kumsalimia mtu mzima injini inanguruma ni sawa na kumsalimia unatafuna.

Lutufyo akasikia habari. Akaja na mafundi wenzake wa pale stendi, akasimama nje, akaongea kwa sauti ili nisikie.

"Eti shemeji anafunga tabo. Haya, tuweke wazi. Gari likipanda kutoka Kyela hadi hapa mara tatu bila kufa, gereji yako, sitakugusa tena. Likifa, funguo mkononi na Suma hiyo."

"Rudia hilo la mara tatu," nikasema kwa nyuma ya turubai. "Rudia wasikie."

Akarudia, huku wenzake wanamcheka.

Mara ya kwanza Athuman alipanda mwenyewe. Selika ikaja inapiga mluzi, haijachemka. Mara ya pili alipanda kwenye mvua, ikaja vilevile. Stendi wakaanza kuulizana.

Mara ya tatu nilikwenda naye.

Tulitoka Kyela joto linachoma, tukauanza mlima. Mabasi tukayaacha, malori tukayaacha. Mimi macho kwenye mshale wa joto, masikio kwenye mluzi. Athuman anaimba.

Tulipofika Makandana watu wamejaa barabarani. Na katikati, mbele kabisa ya geti la gereji, Lutufyo alikuwa amemsimamisha baba yake.

Nikaziona ndara zake na ncha ya fimbo, basi. Nikajifunika khanga kichwa chote, nikainama mpaka chini ya dashibodi.

Athuman naye ni mtu wa adabu. Nikasikia mkono wake unakwenda kwenye ufunguo.

Nikaudaka.

"Usizime."

"Mama, mzee yuko mbele yetu."

"Usizime bado."

Nje kelele zikaanza. Zima gari, mzee huyo hapo. Na sauti ya Lutufyo juu ya zote: "Mnaona? Si niliwaambia? Huyu hana adabu. Anamngurumia baba injini."

Kimenuka, nikasema moyoni. Nikizima, tabo imekufa na gereji imekwenda. Nisipozima, nimemtukana baba wa mume wangu mbele ya mji mzima.

Nikahesabu. Thelathini. Thelathini na moja. Jasho linanitiririka ndani ya khanga, mkono wangu juu ya mkono wa Athuman.

Nilipofika sitini nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Kelele zikakatika.

"Lutufyo," mzee akasema, taratibu. "Injini inapumua. Mwache mwenzako ahesabu. Ni mpaka mia na ishirini."

Jamani.

Wiki saba nilidhani yule mzee anakaa pale kunifukuza. Kumbe alikuwa anasikiliza somo.

Mia na ishirini ilipotimia nikaachia mkono. Athuman akazima. Halafu akaninong'oneza, "Mama, inuka. Amegeuka."

Nikainua khanga kidogo. Baba mkwe alikuwa ametugeuzia mgongo, ameegemea fimbo, anaangalia mlima Rungwe kama hana habari. Kujificha ni kazi yangu, si yake. Siku ile aliibeba yeye ili mimi nipite.

Nikashuka. Nikapita nyuma ya mgongo ule na funguo kiunoni, nikaingia gerejini kwangu kwa mlango wa mbele.

"Ndaga fijo," nikasema nikipita. Asante sana.

Akakohoa.

Jioni mama mkwe, Marita, akanimalizia habari. Siku ile nilipomjibu Lutufyo kuhusu funguo, usiku wake huyo Lutufyo alileta pikapu kubeba vyuma vyote vya gereji. Mzee akamkuta, akamrudisha. Kesho yake akachukua kigoda chake.

"Alikuwa analinda spana zako," Marita akaniambia. "Na kile kikohozi cha kila asubuhi getini unadhani kilikuwa cha mafua?"

Selika ilipanda mlima ule miaka tisa kwa tabo ileile. Lutufyo hakuwahi kurudi kuomba funguo, maana baba yake alisikia neno lake.

Wewe unayefunga tabo, weka upepo wa kiasi, lisha oili, na ukifika usizime. Wanaokupigia kelele nje hawajui kilichomo ndani ya injini.

Na wewe binti unayeambiwa uondoke kwa sababu ya heshima: jifunike kichwa kama heshima inataka. Mikono haijakatazwa. Ifanye kazi.

Mzee alifariki mwaka 2001. Uso wake sikuwahi kuuona. Mgongo wake ningeutambua popote.